Gari lenye supachaja linapokunywa maji: kutafuta uvujaji wa kulanti na kuutengeneza

Fundi aliyezoea injini za kawaida akiona kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua huanza na rejeta, mipira yake na pampu ya maji, na mara nyingi hakosei. Kwenye injini yenye supachaja (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) mazoea hayo humpoteza. Supachaja nyingi za injini za V (zenye safu mbili za silinda zilizokaa kama herufi V) hulala bondeni, katikati ya silinda hedi mbili, na chini yake watengenezaji wamepitisha mabomba ya maji, wakaweka themostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto), na wakati mwingine njia ya hita. Yaani sehemu inayopenda kuvuja ndiyo isiyoonekana. Kuifikia ni kazi ya siku nzima au zaidi, kwa hiyo msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: usifungue supachaja kabla hujathibitisha kwamba uvujaji uko chini yake au ndani yake. Na ukishaifungua, badilisha kila kitu cha plastiki na cha mpira kilichokaa pale, hata kama bado kinaonekana kizima.

Gari lina mizunguko mingapi ya maji?

Supachaja hukandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa hupata joto. Ili kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda, magari mengi huwekwa intakula inayopozwa kwa maji. Hapo unakuwa na mzunguko wa pili kabisa: rejeta yake ndogo mbele ya ile kubwa, pampu yake ya umeme, na mipira yake. Maji ya mzunguko huu hayafiki joto la maji ya injini.

Fungua boneti uhesabu matangi. Kama kila mzunguko una tangi lake, lile linaloshuka limeshakupa nusu ya jibu. Kama mizunguko yote miwili inachangia tangi moja, kazi huongezeka, kwa sababu tangi hilo haliwezi kukwambia ni upande gani unaopoteza.

Jua pia vitu vimekaa wapi kwenye injini yako. Kwa Audi ya 3.0 TFSI, intakula ni mbili na ziko ndani ya nyumba ya supachaja yenyewe, huku pampu ya maji na themostati vimejibana mbele, chini ya pua yake. Injini za Jaguar na Land Rover zenye supachaja, za lita 5.0 V8 na lita 3.0 V6, zina mabomba ya maji ya plastiki, mojawapo likiwa nyuma kabisa chini ya supachaja. Mabomba hayo hutengenezwa kwa nusu mbili zilizogandishwa pamoja, na baada ya miaka ya kupata moto na kupoa hupasuka palepale kwenye mshono. Supachaja ya sentrifuga, ile inayofungwa ubavuni mbele ya injini kama altaneta, haifuniki bonde. Gari la aina hiyo litafute uvujaji kama injini nyingine yoyote, ila usisahau intakula yake.

Dalili na zinachomaanisha

Weka alama ya kalamu kwenye tangi injini ikiwa baridi kabisa, kisha uangalie asubuhi inayofuata. Kulinganisha kiwango cha injini ya moto na cha injini baridi hakusaidii, kwa kuwa kulanti hutanuka ikipata joto.

Zulia la upande wa abiria likilowa, na kioo cha mbele kikiingia ukungu wenye utelezi kama mafuta, tatizo ni kiini cha hita ndani ya dashibodi. Maji masafi yasiyo na harufu chini ya gari ni ya kiyoyozi, yaache. Harufu tamu yenye joto ukisimama baada ya safari, bila tone chini, mara nyingi ni bonde. Pale bondeni pana joto kali, hivyo uvujaji mdogo hukauka kabla haujadondoka na kuacha ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti yako. Matone huonekana baadaye, injini ikiwa imezimwa na inaanza kupoa huku presha bado ipo kwenye mfumo. Kwa hiyo anayekagua injini ikiwa inanguruma anakagua wakati mbaya.

Kuna mtego mwingine. Maji yaliyojaa bondeni hutafuta njia ya nyuma na kushuka pale injini inapoungana na gia boksi. Mtu akilala chini ya gari na kuona majimaji pale, haraka hulaumu gasketi ya silinda hedi, na bili inayofuata huwa kubwa bure. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, angalia juu kwanza.

Na moshi mweupe mzito asubuhi, wenye harufu tamu, ambao haukati hata injini ikishapata moto? Kulanti inaungua ndani. Inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, inaweza pia kuwa intakula. Tutarudi hapo, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Jambo la usalama kabla ya kuendelea: ukiwa njiani na hita ikaanza kupuliza baridi huku injini ni ya moto, au geji ya joto ikashuka ghafla wakati gari linavuta mzigo, simamisha gari. Sensa ya joto ikikosa maji husoma mvuke na hewa, na geji inaweza kuonyesha hali nzuri wakati silinda hedi ya alumini inapinda. Usifungue kifuniko cha tangi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha hubaki kuwa maji hata yakipita nyuzi 100, lakini ukifungua tu yanachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Kipimo cha presha

Hiki ndicho kipimo kinachostahili muda wako. Unahitaji pampu ya mkono yenye geji na adapta inayoenea kwenye mdomo wa tangi. Ipime pampu yenyewe kwanza, kwa sababu kuna pampu zinazovuja kwenye adapta na kumfanya mtu atafute shida isiyokuwepo.

Soma kifuniko cha tangi. Kimeandikwa presha kinayoachilia, na kwa magari mengi ya sasa ni kati ya bar 1.1 na 1.4. Usizidishe hapo, utapasua kitu kilichokuwa kizima. Injini ikiwa baridi, jaza kulanti hadi kwenye alama, funga pampu, pandisha presha hadi ile ya kifuniko, kisha iache. Dakika 20 ni za chini kabisa. Uvujaji mdogo wa bondeni unahitaji saa kadhaa, na mimi napendelea kuliacha gari na presha usiku kucha kama nafasi ipo.

Sindano ikishuka, tumia tochi na kioo cha mkono kukagua kwa mpangilio: rejeta zote mbili, viungo vya mipira, tundu dogo la chini ya pampu ya maji, nyumba ya themostati, mipira ya hita kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Kisha ingiza kamera ndogo ya waya, ile inayochomekwa kwenye simu, kutoka nyuma ya supachaja hadi bondeni. Pasipofikiwa na kamera, funga karatasi ya kufutia kwenye waya, isukume chini ya supachaja, uivute na kuinusa. Karatasi yenye unyevu wenye rangi imemaliza ubishi.

Rudia kipimo injini ikiwa vuguvugu. Plastiki ikipoa hunywea na mshono huachia. Ikipata joto hutanuka na kujiziba. Oringi (pete ya mpira ya kuziba kiungo) iliyokauka nayo huvuja baridi tu. Upande mwingine, ufa wa alumini unaweza kujificha baridi na kufunguka kwenye moto. Kipimo kimoja peke yake kinaweza kukudanganya kwa upande wowote.

Kifuniko nacho kipimwe. Springi yake ikichoka, kulanti hutoka kwa njia ya kawaida kabisa na hakuna bomba lililopasuka. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho kinachosahaulika.

Kama tangi ni moja kwa mizunguko miwili, bana mpira unaokwenda kwenye intakula na ule unaorudi kwa koleo laini la kubania mipira, kisha pandisha presha upya. Sindano ikitulia, mwizi yuko upande wa intakula. Ikiendelea kushuka, yuko upande wa injini. Usibane mipira iliyozeeka na kukakamaa. Itapasuka mkononi, na sasa una tatizo la pili.

Uvujaji ukiwa mdogo mno, tia kwenye kulanti rangi inayong'aa, endesha gari siku chache, kisha mulika kwa tochi ya yuvi (UV, mwanga unaoifanya rangi hiyo ing'ae) mahali penye giza. Dawa za kuziba uvujaji, zile za kumimina kwenye rejeta, sizipendekezi hata kidogo kwenye gari la aina hii. Njia za maji ndani ya intakula ni nyembamba, na kile kinachoziba ufa huziba na njia hizo.

Gasketi au intakula?

Presha inashuka, nje kila kitu ni kikavu, bonde nalo kavu. Basi maji yanaingia ndani ya injini, na una washukiwa wawili wenye dalili zinazofanana: moshi mweupe, mapovu kwenye tangi, injini kukohoa inapowashwa.

Gasketi ya silinda hedi ikikatika, gesi ya mwako husukumwa kwenye maji. Intakula ikitoboka, mambo huenda kwa zamu. Injini ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), kuna mvuto kwenye manifoldi (njia zinazogawa hewa kwa silinda), na kulanti hufyonzwa kuingia kwenye hewa. Ukikanyaga mafuta, supachaja hujenga presha, na sasa hewa ndiyo inayosukumwa kuingia kwenye maji. Tangi linatoa mapovu, wakati mwingine linafurika, na mtu anaapa kwamba gasketi imekwenda.

Kinachowatenganisha ni kipimo cha kemikali cha gesi ya mwako: kichupa chenye maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa tangi na kufyonza hewa iliyo juu ya kulanti. Hewa hiyo ikiwa na kaboni dayoksaidi ya mwako, buluu hugeuka njano kwa injini ya petroli. Punguza kwanza kulanti kidogo ili isiingie kwenye kichupa, injini iwe na moto, na uipe mzigo kidogo. Mapovu yapo na kichupa kimebaki buluu? Hewa hiyo haikutoka kwenye silinda. Ama mfumo haukutolewa hewa vizuri baada ya kazi ya mwisho, ama ni supachaja inayoisukuma kupitia intakula. Kwenye gari lenye tangi la peke yake la intakula, jibu ni jepesi zaidi: mapovu yatakuwa kwenye tangi hilo tu.

Toa plagi zote uzipange kwa utaratibu wa silinda. Plagi moja au mbili za jirani zilizosafishwa na mvuke hadi kung'aa, huku nyingine zina rangi ya kawaida, zinaelekea gasketi. Plagi zote zikiwa safi, au zote za upande mmoja wa V, fikiria intakula, kwa sababu hewa yake inagawanywa kwa silinda nyingi. Si sheria isiyovunjika, lakini inaonyesha pa kuanzia.

Uthibitisho wa mwisho ni kuipima intakula peke yake. Chomoa mipira yake miwili, ziba njia moja, unganisha pampu ya mkono kwenye nyingine, pandisha hadi bar 1 au hapo karibu, usubiri nusu saa. Intakula nzima haipotezi kitu. Wakati huohuo pitisha kamera kwenye mdomo wa throtoli (mlango wa hewa ya injini) uangalie kama kuna dimbwi chini ya manifoldi.

Ukishuku kwamba kulanti imeingia kwenye silinda, usiwashe injini. Maji hayakandamizwi, pistoni ikipanda na kukuta yamejaa, kondi (mkono unaoshika pistoni) huinama. Toa plagi zote kwanza, kaa mbali na matundu yake, zungusha injini kwa mkono kisha kwa stata ili maji yarushwe nje.

Cheki pia oili. Ikiwa nzito yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, kulanti imeingia, na kipozeo cha oili kinaingia kwenye orodha ya washukiwa. Ukoko mwembamba wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Gari la safari fupi fupi huwa nao.

Kuinua supachaja

Sasa una sababu ya kufungua. Agiza vipuri kabla hujagusa bolti ya kwanza: mabomba yote ya bondeni, gasketi za supachaja na za manifoldi, oringi, mipira iliyofichika, themostati, na pampu ya maji kama umri wake umekwenda. Kwa mabomba ya plastiki yanayopasuka, sokoni hupatikana mbadala wa alumini. Mimi huchagua alumini pale bomba linapokaa bondeni, mradi nyuso zake za kukalia oringi zimechongwa laini. Zikiwa na mikwaruzo, bora plastiki mpya ya mtengenezaji.

1. Injini ipoe kabisa. Chomoa betri. Shusha presha ya petroli kwa utaratibu wa gari lako ikiwa kuna bomba la mafuta la kufunguliwa. Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, presha ya bomba hilo huweza kuzidi bar 100, na inatoboa ngozi.

2. Mwaga kulanti ya mizunguko yote miwili kwenye chombo chenye kifuniko. Kulanti ya ethilini glikoli ni sumu na ina utamu. Watoto na wanyama huinywa.

3. Piga picha kila kitu, kisha toa mkanda, bomba la hewa, throtoli, nyaya na mipira. Chora umbo la supachaja kwenye boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake, kwa kuwa urefu wake hutofautiana.

4. Puliza na unyonye uchafu kuzunguka supachaja kabla ya kuiinua. Mchanga ulioko pale utaangukia moja kwa moja kwenye milango ya silinda.

5. Inueni watu wawili, wima, bila kuitikisa kwa bisibisi. Nyingine hupita kilo 20 na zinakutaka uiname juu ya injini. Ilazeni kama ilivyokuwa imekaa.

6. Mara tu inapotoka, ziba milango yote ya hewa kwa vitambaa safi, na uhesabu umeweka vingapi.

Bonde likiwa wazi, usikimbilie kubadilisha. Tazama ukoko uliko. Unaonyesha chanzo kuliko majimaji yenyewe, ambayo yameshatiririka kila upande. Kama bado una shaka, unganisha pampu ya presha sasa hivi, ziba njia za intakula, ujaze maji, ulione tone likitoka kwa macho yako. Nafasi hii haipatikani mara mbili kwa bei moja.

Safisha nyuso kwa kikwangulio cha plastiki. Usitumie diski za msasa zinazozungushwa kwa mashine. Vumbi lake hukata beringi za injini. Pakaza oringi kulanti au grisi ya silikoni, kamwe si oili ya injini wala grisi ya kawaida, kwa sababu mpira unaotumika kwenye mifumo ya maji huvimba ukigusa mafuta ya aina hiyo. Na pale mtengenezaji alipoweka gasketi kavu, usiongeze silikoni. Inayobaki hubanwa kuelekea ndani, ikakatika, ikaziba.

Toa vitambaa, uvihesabu tena. Rudisha supachaja, funga bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu. Bolti ya M6 kwenye alumini mara nyingi hukazwa kama nyutoni-mita 10 tu. Kwenye plastiki ni chini ya hapo. Fuata namba za injini yako.

Kujaza na kutoa hewa

Changanya kulanti ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Rangi si kipimo: kulanti mbili za rangi moja zinaweza kuwa na kemia tofauti, na zikichanganywa hufanya matope. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glikoli haugandi hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, na unachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Faida hiyo ya pili inakuhusu hata kama huishi kwenye baridi, bila kusahau kinga ya kutu.

Njia bora ni kifaa cha kujaza kwa mvuto: kinafyonza hewa mfumoni, unasubiri kuona kama mvuto unashikilia, kisha unafungua kulanti iingie yenyewe. Mvuto ukipungua, bado kuna uvujaji, na umeugundua kabla ya kumwaga lita kadhaa. Bila kifaa hicho, pandisha pua ya gari, fungua skrubu zote za kutolea hewa, weka hita kwenye joto la juu, jaza taratibu, na uzifunge skrubu maji yakitoka bila povu. Mzunguko wa intakula hautajitoa hewa kwa injini kuwaka tu. Pampu yake ya umeme lazima iendeshwe, kwa mashine ya uchunguzi au kwa kuiunganishia umeme moja kwa moja kwa muda.

Rudia kipimo cha presha kabla ya kuwasha. Kisha washa, subiri feni zianze na kuzima, acha ipoe hadi asubuhi, uongeze kilichopungua. Kushuka kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyokuwa imejificha. Kushuka kwa asubuhi ya tatu si hewa.

Mwisho, unganisha kisomeo kwenye soketi ya uchunguzi na uangalie joto la hewa inayoingia unapoendesha. Likipanda haraka kila unapokanyaga mafuta na kuchelewa kushuka, shika mpira wa intakula injini ikiwa imesimama: ukiwa na moto upande mmoja na baridi upande wa pili, na pampu inanguruma, maji hayazunguki. Toa hewa upya kwenye mzunguko huo kabla hujaanza kushuku supachaja yenyewe, maana kompyuta ikiona hewa ya moto hurudisha nyuma muda wa cheche, na gari litaonekana limepungua nguvu.